Unarudi kwenye pikipiki baada ya miaka mingi? Anza hivi (kwa wana Tanga na majirani)

Tanga hapa wapo wengi sana. Mabwana shamba wa zamani, manesi waliokuwa wanazungukia zahanati za vijijini, walimu, watu wa mkonge, wote hao waliwahi kupewa Yamaha au Honda ya mradi enzi hizo wakazunguka nayo Maramba, Magoroto, Bwiti, ukimwambia leo kuna njia haijui anacheka. Alafu ikaja gari, watoto, uhamisho, pikipiki ikaishia bandani na kuku wanatagia juu ya siti. Sasa mtu kastaafu, au mafuta ya gari yamemshinda, au kachoka kila siku kubishana bei na bodaboda, anasema narudi. Mimi nalisapoti kabisa jambo hilo, sina neno.

Ila tuelewane mapema. Watu watakwambia pikipiki haisahauliki, na ni kweli, sasa mi naona hapohapo ndo penye balaa. Ungekuwa umesahau ungekuwa mwoga, ungejifunza pole pole. Wewe hujasahau, mikono inakumbuka kila kitu, lakini inakumbuka pikipiki ile, barabara ile isiyo na watu na mwili ule wa miaka 27. Uingereza kuna kozi kabisa za watu wazima wanaorudi kwenye pikipiki kwasababu walishaona hawa ndo wanaojimaliza, sie huku hatuna hiyo mtu anapiga kiki tu anaondoka. Kwahiyo karibu yote nitakayoandika hapa ni kuondoa yale unayoyakumbuka vibaya, mengine utayakuta yapo tu.

Hatua ya kwanza, jikague mwenyewe kabla ya kukagua pikipiki

Hii watu wanaruka. Anza na macho. Ukishapita miaka 45 hivi kusoma karibu kunakuwa shida, hiyo unaijua unanunua miwani ya kusomea, lakini kuna nyingine hujaijua, usiku taa za gari zikikupiga usoni macho yanachelewa kurudi. Kama kuna mtoto wa jicho unaanza, ndo kabisa, taa moja unaiona imetawanyika yote. Nenda hospitali ya Bombo kitengo cha macho au popote pengine wanapopima wakupime, na waambie ni kwa ajili ya kuendesha. Na hiyo miwani ya kusomea usiendeshe nayo, mbali kote kunakuwa ukungu.

Alafu dawa. Piritoni unayomeza kwasababu ya mafua inaleta usingizi hata kama wewe huuhisi, siku hiyo pikipiki ikae. Kuna dawa za presha mtu akiinuka ghafla anapata kizunguzungu, muulize daktari. Na ndugu zangu wa sukari, kama nyayo zina ganzi, yani ukikanyaga kitu husikii vizuri, breki ya mguu utaikanyaga nyingi au kidogo bila kujua. Hili sijasikia mtu analisema vijiweni, na wenye sukari ni wengi tu.

Mikono na shingo ni rahisi kujipima. Kaa juu ya pikipiki imezimwa, binya klachi uachie, mara 50 mfululizo. Kama kwenye 30 vidole vinauma basi foleni ya pale Kange itakutesa, fanya mazoezi ya kubinya mpira wiki kadhaa au tafuta pikipiki yenye klachi laini. Kisha geuza shingo uangalie nyuma ya bega la kulia na la kushoto bila usukani kugeuka. Wengi wetu shingo zimekakamaa, tunageuka na kiwiliwili chote na pikipiki inafuata.

Ya tatu simama mguu mmoja nusu dakika. Usicheke, jaribu.

Karatasi

Hapa sikai sana. Leseni yako ya zamani kama ilikuwa na daraja la pikipiki angalia kwenye ile mpya kama bado lipo, maana watu wamehuisha leseni ya gari miaka yote daraja la A halipo tena na hawajui. A1 ni za injini ndogo zisizozidi cc 125, A ni zinazozidi hapo, kwahiyo ukinunua ya 150 na leseni ni A1 tu, trafiki akikusimamisha hana kosa. Bima hakiki kwa namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, usiamini stika, na ukumbuke bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe na pikipiki yako haikuhusu. Kama unanunua ya mkononi angalia na deni la faini kwenye hiyo namba, na kadi ije kwa jina lako siyo "tutabadilisha baadae".

Pikipiki gani sasa

Utatamani kubwa. Pesa ipo ya kiinua mgongo, na ile Honda uliyokuwa unaiota ujana sasa unaweza kuinunua, mtu unaingia dukani na moyo wa miaka 27. Achana nayo kwa mwaka wa kwanza. Chukua ya 125 au 150 ya kawaida, Boxer, TVS, Honda, yoyote ambayo spea zake zipo kila duka la Ngamiani, kaa juu yake uhakikishe miguu yote miwili inafika chini siyo vidole tu, iinamishe kidogo kila upande usikie uzito, ishushe kwenye stendi kubwa uipandishe tena. Kama kuipandisha stendi ni vita leo dukani, itakuwa vita zaidi ukiwa umechoka juani.

Na hapa nakaa kidogo kwasababu ndo mahali wazee wanapoumia: GIA. Zile za zamani nyingi, Honda XL, Yamaha DT, ilikuwa moja chini, frii juu kidogo, alafu mbili tatu nne tano unainua na ncha ya mguu. Hizi za kibiashara za sasa nyingi zina ile kanyagio ya pande mbili, na mpangilio unatofautiana, kuna ambazo zote unakanyaga mbele kuanzia frii, moja mbili tatu nne mbele tu, kupunguza unakanyaga nyuma kwa kisigino. Kuna ambazo zimebaki kama zamani. Kuna nyingine zinazunguka, ukimaliza ya mwisho ukikanyaga tena inarudi frii. Sasa fikiria uko gia ya tatu, mbele lori limesimama ghafla, mguu wako unakumbuka "kanyaga mbele kupunguza", unakanyaga, kumbe umeongeza. Injini haikusaidii kusimama na wewe umeshangaa, na ile sekunde ya kushangaa ndo inayoua. Kwahiyo kabla ya kuondoka muulize anayekuuzia, gia zake zikoje, kisha kaa juu ya stendi kubwa injini imezimwa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku unapanda na kushuka gia mpaka mguu uache kufikiria. Jioni mbele ya taarifa ya habari unaweza kufanya hata ukiwa na kiti tu, mguu unajua.

Kama ulizoea tuu stroki, zile injini za kuchoma oili pamoja na petroli, kuna lingine, zile ukiachia mafuta inaendelea kuteleza tu haikushiki. Za sasa karibu zote ni foo stroki, ukiachia mafuta inashika, ukiachia ghafla ukiwa kwenye kona yenye mchanga tairi la nyuma linaweza kukuhama.

Kama unafufua ile ya bandani

Wengine hamnunui, mnayo. Vizuri, ila usiruke ukaipiga kiki siku ya kwanza, utaharibu kitu.

Anza na tenki. Petroli iliyokaa miezi mingi imeshaoza, inanuka kama vanishi, imwage yote usiichanganye na mpya. Angalia ndani kwa tochi kama kuna kutu, Tanga na chumvi hii ya bahari kutu ni jambo la kawaida, hasa kama tenki liliachwa nusu tupu. Kabureta ifunguliwe, jeti zisafishwe, ndani utakuta gundi ya kahawia. Eya kilina usishangae kukuta kiota cha panya, na ekzosi uchungulie au uingize waya kwasababu wale nyigu wa udongo wanapenda sana bomba lililolala, wanajenga mpaka mwisho na pikipiki inagoma kuwaka fundi anabadilisha plagi siku nzima.

Oili mwaga weka mpya, na muombe ya pikipiki siyo ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingine za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA. Unene fuata kitabu, nyingi za huku ni 20W-50 au inayokaribia hapo.

Tairi hata kama kashata zake bado ni ndefu lisikudanganye. Ubavuni kuna namba nne kwenye kidude cha mviringo, mfano 2314, maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi la umri huo limekuwa gumu, halishiki lami, kwenye mvua ndo usiseme. Badilisha na tyubu pamoja. Likishakuwa jipya nalo lina utelezi wa kiwandani, kilomita mia moja na kitu za kwanza usilale nalo kwenye kona. Upepo kwa pikipiki ndogo ya mtu mmoja mara nyingi ni PSI 25 mpaka 28 mbele na 28 mpaka 33 nyuma, namba kamili imebandikwa pembeni ya cheni au kwenye kitabu, na upime asubuhi tairi likiwa baridi.

Breki za diski, ile oili yake inavuta maji kutoka hewani na hewa yetu ya pwani unaijua, ibadilishwe kila miaka miwili, kama imekaa kumi usiulize. Breki za ngoma fungua gurudumu uone. Hapa fundi kijana atakwambia, "Shikamoo mzee, hii ipo poa kabisa washa tu uondoke." Wewe mwambie, "Marahaba mwanangu, fungua gurudumu nione breki shuu." Atanung'unika, afungue. Zile shuu zikikaa miaka gundi inaachia, kitambaa kinabanduka kikiwa ndani, gurudumu linajifunga lenyewe ukiwa mwendoni.

Waya za klachi na mafuta badilisha zote, ni bei ndogo. Cheni ikiwa na kutu mpaka kwenye maungio badilisha na sproketi zake zote mbili, usifunge cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka. Ikishafungwa iwe na kulegea sentimita mbili tatu hivi katikati, ukikaza sana ukipakia mtu itakatika au itaua beringi. Spoku zigonge moja moja kwa bisibisi, inayotoa sauti nzito imelegea.

Na kwa wanaokaa Raskazone, Sahare, Mwambani huko ambako upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni, ioshe kwa maji baridi mara kwa mara na cheni itiwe oili, chumvi haisubiri.

Kichwani na mwilini

Elementi. Kama bado unayo ile ya zamani iweke ukutani pambo. Ile sponji ngumu ya ndani inayokunywa kishindo inachoka kwa jasho na joto, wengi wanaozitengeneza wanashauri kubadilisha baada ya miaka mitano hivi, na ikishadondoka sana au kugongwa mara moja imekwisha hata kama nje inang'aa. Mpya ijaribu hivi: vaa, funga mkanda wa kidevuni, tikisa kichwa, ngozi ya mashavu ifuate elementi siyo elementi ibaki nyuma. Kisha mtu aisukume kutoka kisogoni kuelekea mbele, ikitoka na mkanda umefungwa haikufai. Nunua inayofunika mpaka kidevu, najua joto la Tanga, najua, ila kidevu ndo kinatangulia lami. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha elementi inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42% na kuumia kichwa kwa 69%. Isiyofungwa mkanda haimo kwenye hesabu hiyo, inaruka yenyewe.

Viatu vya kufunika vifundo, siyo kandambili. Glavu hata za bei rahisi za ngozi, ukianguka unatanguliza viganja. Na Ijumaa bwana, kanzu. Wazee tunaenda msikitini na kanzu inapepea karibu na cheni na spoku, ikunje uichomekee au uvae suruali ndani na uivute kanzu mpaka kiunoni, ukifika unaishusha. Dada zangu na baibui hivyohivyo, na abiria wa kike anayekaa upande na dera refu, mwambie mapema avute nguo yote mapajani, ikinaswa na gurudumu la nyuma inamvuta yeye mzima.

Uwanjani kwanza

Sasa umefika kwenye kazi yenyewe. Tafuta kiwanja, cha shule wakati wa likizo kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, au uwanja wowote mgumu usio na watu Jumapili alfajiri. Nenda na mtu, asiwe yule wa kukucheka. Chupa tupu za maji weka mchanga kidogo ziwe alama zako.

Siku ya kwanza hakuna kukimbia. Gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka usikie pikipiki inataka kwenda, ishikilie hapohapo, binya tena. Rudia rudia. Pale katikati ndo pa kufahamiana na pikipiki yako mpya, kila moja ina pake. Ukishapajua endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, na breki ya mguu umeigusa kidogo muda wote. Ile breki ya nyuma kwenye mwendo mdogo inaituliza pikipiki, ya mbele inaiangusha. Kisha zunguka chupa namba nane, ndefu kwanza, alafu ndogo. Macho yaangalie unakotaka kwenda siyo chupa, ukiiangalia chupa utaigonga, na ukiliangalia shimo barabarani utaingia, ndo hivyo mwili ulivyo.

Siku nyingine breki, na hapa usiharakishe hata kidogo. Sisi wa zamani tulifundishana "usiguse ya mbele utapaa", maana barabara zilikuwa za vumbi na kokoto. Tukakua na mguu tu. Kwenye lami kavu ni kinyume, uzito wote ukisimama unakuja mbele na breki ya mbele inafanya karibu 70% ya kazi. Anayetumia ya nyuma peke yake tairi linajifunga linaburuza, na haisimami mapema. Namna ya kufanya ni kubinya, siyo kushtua. Vidole viguse kwanza, pikipiki iinamie mbele, ndipo ukaze zaidi na zaidi, na mguu unasaidia. Anza na kilomita 20 kwa saa, nenda 30, 40, kila mara kwenye chupa ileile uone unasimama wapi. Ukisikia tairi la mbele limejifunga achia hapohapo ubinye tena. Usukani uwe umenyooka. Kwenye mchanga na matope geuza, ya nyuma zaidi na ya mbele kwa kugusa tu.

Kwanini nasisitiza, piga hesabu. Kwenye 50 kwa saa unatembea kama mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 14 zimeenda hujagusa kitu, alafu na kusimama kwenyewe ukiwa mjuzi mita nyingine kama hizo. Umri ukikuongezea nusu sekunde ni mita 7 zaidi, hizo ni Noah na nusu. Kwenye 80 ni mita 22 kila sekunde na umbali wa kusimama haukui kwa kiasi kilekile, mwendo ukiwa mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne. Ndo maana kuacha nafasi mbele siyo uoga.

Mwisho wa uwanjani ni kukwepa. Ukiwa kwenye 30 au zaidi pikipiki haigeuki kwa kuzungusha usukani kama baiskeli ya miguu mitatu, unasukuma mkono wa upande unaotaka kwenda. Unataka kushoto, sukuma mkono wa kushoto mbele kidogo, inalala kushoto. Miaka yote ulikuwa unafanya hivyo bila kujua, sasa fanya ukijua, kwasababu siku ya hatari ukishtuka utavuta upande usio wenyewe. Na ukikwepa usishike breki kwa pamoja, kwepa kisha breki au breki kisha kwepa.

Ukiweza hayo yote bila kufikiria, toka nje. Kama bado rudi uwanjani Jumapili nyingine hakuna anayekusubiri.

Barabarani, kwa mpangilio huu

Anza Bombo na Raskazone asubuhi na mapema, njia ni pana na watu wachache, nenda rudi. Kisha Ngamiani. Zile barabara za namba zimenyooka hadi raha, lakini kila hatua chache kuna makutano na kila kona kuna bajaji, mtoto, mkokoteni au baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kwisha, hasa mzee mwenzio asiye na taa wala saiti mira anayegeuka bila kuangalia. Ngamiani endesha ya pili au ya tatu, vidole viwili viko juu ya breki muda wote.

Ujue na hili. Marekani mwaka 1981 ulitoka utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, walichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles papo hapo zilipotokea, wakakuta kwenye zile za pikipiki na gari theluthi mbili hivi ni mwenye gari kamkatia njia mwenye pikipiki. Hakukuona. Huku kwetu tunapoendesha kushoto, wa kumuogopa ni anayekuja mbele yako na indiketa ya kulia, anataka kukata aingie mtaani. Usimuangalie usoni, anaweza kuwa anakutazama na hakuoni. Angalia tairi lake la mbele, likianza kuzunguka wewe umeshaachia mafuta. Taa washa mchana, siyo ushamba.

Reli. Tanga unazikata reli sehemu kadhaa, na chuma kikiwa na maji au umande ni utelezi mtupu. Zikate kwa pembe ya mraba, hata kama njia inazipita kiupande wewe jipange upate kunyooka, usikanyage breki juu ya chuma wala kuongeza mafuta.

Baada ya hapo ndo toka Kange na Pongwe kwenye malori. Malori ya saruji na matenki ya mafuta, linapokupita au linapokuja mbele linasukuma upepo mzito, kwanza linakusukuma alafu linakuvuta. Legeza mikono, ukikaza unayumba zaidi. Usikae ubavuni mwa lori, kama wewe huoni saiti mira yake yeye hakuoni. Msimu wa machungwa Muheza kuna Fuso zilizojaa kupita kiasi, kaa mbali, chungwa moja lililopasuka kwenye lami linatosha.

Na bodaboda. Vijana watakupita kulia, watakupita kushoto, wengine watakupigia honi na "mzee chapa mwendo". Wapungie mkono. Ukianza kushindana nao umeshashindwa maana wao wako juu ya hiyo pikipiki kila siku kuanzia alfajiri. Sheria ya kilomita 50 sehemu za makazi ni ya wote, na trafiki pia wanamuona mzee.

Mvua ya kwanza ya vuli baada ya kiangazi, zile dakika za mwanzo, oili na vumbi vya miezi vinaelea juu ya lami. Simama kwenye kibanda unywe kahawa mpaka inyeshe sawasawa ikaoshe. Masika madimbwi usiyaingie kama huoni chini, kilichokuwa tuta jana leo ni shimo.

Abiria na usiku mwache mwisho kabisa. Mwenye uzito wa kilo 70 nyuma anabadilisha kila kitu, breki, kona, hata kuondoka, upepo wa tairi la nyuma ongeza. Anza na mtu mzima anayekuelewa, umwambie ashike kiunoni na asijinyooshe pikipiki inapolala kwenye kona. Mmoja tu, mshikaki waachie wenyewe. Usiku, kama macho hayakupita vizuri kule mwanzo, jibu unalo. Kama yamepita, endesha ndani ya taa yako, yani mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya pale unapoona.

Safari za nje ukishatulia

Ya Pangani ni nzuri ya kuanzia, lami imeshaingia siyo vumbi lile mlilokula, tambarare, minazi, na Tongoni unaweza kupumzika kwenye magofu. Upande wa Horohoro Amboni ni karibu tu. Penye kazi ya barabara na pale mchanga umemwagika juu ya lami, punguza kabla ya kuufikia, ukiwa juu yake usifanye kitu, nyoosha na uachie ipite yenyewe. Kusi likivuma unaendesha umeinama upande mmoja safari nzima, ni kawaida, ila ukipita nyuma ya lori au ukuta upepo ukikatika ghafla pikipiki inataka kurukia upande huo.

Amani iache ya mwisho, hata kama ndo unayoikumbuka kwa mapenzi. Kule ni mlima, udongo, ukungu, kona za kujifunga na maporomoko. Kupanda ni rahisi, kushuka ndo mtihani. Tumia gia ileile uliyopandia au chini yake, usizime injini wala kuweka frii kuokoa mafuta kama tulivyokuwa tunafanya, breki za ngoma zikipata moto zinaacha kushika na utazihitaji kwenye kona inayofuata. Ukisikia breki ya mkono imelegea simama, zipoe, kunywa maji. Mafuta jaza Muheza kabla hujapanda, na tyubu ya akiba na pampu viwe chini ya siti.